Anzia Kwenye Kitufe cha A: Kujiundia Kompyuta ya Kubeba Yenye Kibodi ya Kweli

Kwenye kompyuta mpakato niliyoitumia kuchapa kazi za watu kwa miaka minne hapa Mwanjelwa, Mbeya, kitufe cha kwanza kufutika kilikuwa A. Rangi ilianza kuliwa upande mmoja, pale ncha ya kidole kidogo inapotua, kisha herufi yote ikatoweka, kikabaki kibamba cheusi kinachong'aa kama kimepakwa mafuta. Baadaye kikaanza kugoma. Nikiandika "kahawa" inatoka "khawa". Nikikandamiza kwa nguvu inatoka "kaahawa". Wakati huo nilikuwa naandika mihtasari ya vikao vya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa huko Mbozi, na kahawa ni neno linalorudi karibu kila mstari.

Nikabadilisha kibodi nzima. Baada ya mwaka na miezi, A ikafa tena, na vitufe vingine vyote vizima. Hapo nikaacha kuilaumu mashine, nikachukua kalamu nikahesabu.

Tazama sentensi ya kawaida kabisa ya muhtasari: "wajumbe walikubaliana kwamba kahawa ikaushwe kabla ya kupelekwa kiwandani". Ina herufi 65. Kati ya hizo, a ni 17. Zaidi ya robo! Kiingereza, ambacho ndicho kilichokuwa akilini mwa waliopanga kibodi hizi, herufi yake inayotumika kuliko zote ni e, nayo haizidi sana asilimia 12 au 13. Maana yake, anayeandika Kiswahili anakibebesha kitufe kimoja mzigo wa viwili. Na mpangilio huu wa QWERTY, uliotokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes ya Marekani ya miaka ya 1870, umekiweka kitufe hicho chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote.

Ndiyo maana nikiulizwa namna ya kujiundia kompyuta ya kubeba, jibu langu linaanzia kwenye kibodi. Wengi huanzia kwenye prosesa na kumbukumbu, wakimaliza ndipo wanatafuta kibodi ya kubandika mbele. Matokeo yake ni mashine yenye nguvu isiyoandikika. Prosesa ya leo, hata ile ndogo, inakusubiri wewe. Kuandika barua haijawahi kuichosha. Kinachokutana na mwili wako kutwa nzima ni vitufe. Tena kibodi ikishachaguliwa, inakuamulia mambo mengi: upana wa sanduku, unene wake, nafasi inayobaki ya betri, na hata kimo cha skrini.

Chini ya vitufe vya kompyuta mpakato nyingi kuna vikombe vidogo vya mpira. Ukibonyeza, kikombe kinabonyea na kugusanisha karatasi mbili za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Ni nyembamba, ni rahisi kutengeneza, na kiwandani hutoka kwa bei ndogo. Tabu ni mbili. Mpira huchoka, na herufi haitoki mpaka ufike chini kabisa, kwa hiyo ncha ya kidole inagonga sakafu kila mara.

Kibodi ya mekanika imejengwa tofauti. Kila kitufe kina kisanduku chake, kiitwacho swichi, na ndani mna springi ya chuma na vibati viwili vya kugusana. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilileta familia ya MX mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hataza zilipokwisha, kampuni za China kama Gateron na Kailh zikaanza kutoa zinazolingana nazo kwa vipimo. Swichi hizi husafiri milimita 4 kutoka juu hadi chini, lakini umeme hushika kwenye milimita 2, katikati ya safari. Kidole kilichozoea hugeukia hapo hapo, hakiendi kugonga sakafu. Siku ya kwanza hutaona tofauti. Utaiona kwenye ukurasa wa kumi na tano wa ripoti ya mwanafunzi, saa moja usiku, vifundo vya vidole vikiwa bado havijaanza kuwaka moto.

Kuna swichi zinazoteremka laini tu, kuna zenye kigongo kidogo unachokisikia kwa kidole, na kuna zinazopiga mlio. Hizi za mlio ziache nyumbani kama unaandika kwenye vikao. Mwenyekiti anazungumza, wewe unamjibu kwa tak-tak-tak, haileti heshima. Mimi nilichukua za laini, zinazoshika kwa uzito wa gramu 45 hivi.

Kuhusu kudumu, hesabu ni hii. Nikichapa herufi 20,000 kwa siku, robo yake ni a, yaani mibonyezo 5,000. Kwa siku 300 za kazi inakuwa milioni 1.5 kwa mwaka. Vitufe vya mpira mara nyingi hukadiriwa kudumu mibonyezo milioni 5 hadi 10. Ukishika ile milioni 5, ni miaka mitatu na ushee, na ya kwangu ya kwanza ilikwenda karibu na hapo. Swichi za MX zilitangazwa kwa mibonyezo milioni 50, na baadaye hata zaidi. Gawanya mwenyewe: miaka zaidi ya 30.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba swichi hizi hufunguka. Zina vishikio vinne pembeni. Ukivibana kwa kibano chembamba, kifuniko kinatoka, springi inachomoka, unaweka nyingine. Kwenye A nikaweka springi nyepesi ya gramu 35, vitufe vingine nikaviacha kwenye 45. Tofauti ya gramu 10 inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa mibonyezo 5,000. Kidole kidogo kilichokuwa kikifa ganzi kufikia Alhamisi sasa kinafika Jumamosi bila malalamiko. Nilijaribu pia kuihamishia A chini ya dole gumba, kwa wiki mbili, na kwa vidole ilikuwa raha kubwa, lakini kazini nachapia pia kompyuta za wengine na kichwa kikawa kinachanganya njia. Kwa mtu anayetumia mashine moja tu, ningemwambia ajaribu bila woga.

Vitufe hupangwa kwa umbali wa milimita 19.05 kutoka kitovu hadi kitovu. Nilichagua gridi ya safu 5 na nguzo 12, vitufe 60, kwa hiyo eneo la vitufe ni kama sentimita 23 kwa 9.5. Swichi na kofia yake vinakula karibu sentimita 2 za kimo. Ziko swichi fupi, Kailh Choc, zenye safari ya milimita 3, kwa anayetaka kitu chembamba cha kuingia kwenye mkoba wa mafaili. Nimezijaribu, ni nzuri, ila mimi napenda ule urefu.

Sasa, vitufe 60 vinazungumzaje na kompyuta? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na si haki, kwa sababu ni jambo la kuelezeka.

Ukipeleka waya mmoja kutoka kila kitufe, utahitaji chipu yenye miguu 60. Badala yake, vitufe hupangwa kama mashimo ya mahindi shambani, kwa mistari ya wima na ya mlalo. Kila kitufe kinakaa pale mlalo mmoja unapokutana na wima mmoja. Chipu ndogo inapeleka umeme kwenye mlalo wa kwanza, inachungulia nguzo zote 12 kuona umetokea wapi, kisha inahamia mlalo wa pili, na kuendelea. Inazunguka hivyo mamia ya mara kwa sekunde. Miguu inayotumika ni 5 na 12, jumla 17. Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya chipu iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani, ina miguu 26 ya namna hiyo. Inatosha na kubaki.

Kuna mtego mmoja. Shika Q, W na A kwa pamoja. Kwenye gridi, hizo ni pembe tatu za mstatili ambao pembe yake ya nne ni S. Umeme utapita Q, utazunguka W, utarudi kwa A, na chipu itaamini kwamba S imebonyezwa. Herufi ya mzimu. Dawa yake ni kuweka daiodi moja kwa kila kitufe, kwa sababu daiodi inaruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Inayotumika ni 1N4148, kidude cha kioo chenye rangi ya chungwa, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari mweusi ncha moja. Mistari yote 60 lazima itazame upande mmoja. Nilipowasha mara ya kwanza, vitufe 59 viliitika na M ikanyamaza kimya. Nilikagua waya mara tatu. Kisha nikaegemeza kibodi kwenye mwanga wa dirisha nikaona mstari mweusi wa daiodi yake umetazama juu wakati wenzake wote wanatazama chini. Kugeuza kulichukua dakika mbili. Kama ungekuwa umezigeuza zote 60, hakuna hasara: unabadilisha neno moja kwenye programu ya chipu, kazi imekwisha.

Na ile "kaahawa" ya mwanzo? Vibati vya chuma vikigusana haviachi kutikisika papo hapo; hurukaruka kwa milisekunde chache, kama sarafu iliyodondoshwa mezani. Chipu ina kasi ya kutosha kuhesabu kila mruko kuwa ni mbonyezo mpya. Kwa hiyo programu huambiwa isubiri kwanza. Kwenye QMK, programu huria inayotumiwa na waundaji wengi wa kibodi, kusubiri huko kwa kawaida ni milisekunde 5. Kitufe kikizeeka na kuanza kurudiarudia, ongeza iwe 10, na mara nyingi kitatulia.

QMK hiyo hiyo inakupa uhuru mwingine ambao kibodi ya dukani haina. Kiswahili sanifu hakina q wala x, ila vitufe vyake vimekaa mahali pazuri tu. Upande wa pili, kila ng'ombe na kila ng'ambo inakulazimu kunyoosha kidole kidogo cha kulia kutafuta alama ya ritifaa karibu na Enter, na wengi wameamua kuiacha kabisa, ndiyo maana tunasoma "ngombe" kila mahali. Mimi nimekiambia kitufe cha Q kitoe ng' kwa mbonyezo mmoja. Q yenyewe ipo, ukishikilia kitufe cha pembeni, kwa ajili ya majina ya watu na barua pepe. Niliwaza pia C itoe ch, kwa kuwa kwetu c haitembei bila h, lakini anwani za intaneti zina c nyingi mno, nikaacha.

Ubongo wa mashine ni sehemu fupi. Raspberry Pi, bodi ya Waingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ndiyo yenye msaada mwingi zaidi kwa anayeanza. Kama unaandika maandishi matupu, Zero 2 W yenye kumbukumbu ya MB 512 inatosha na inakula umeme kidogo sana. Ukitaka LibreOffice yenye majedwali na intaneti yenye kurasa kadhaa, chukua Pi 4. Pi 5 ina kasi zaidi, lakini chaja yake rasmi ni ya wati 27, na kwa kazi ya kuandika sioni sababu ya kubeba betri ya ziada kwa ajili yake.

Betri nitaikalia kidogo, maana huko ndiko watu hupoteza hela na wengine huunguza meza.

Kwanza sahau namba za mAh, hesabu kwa wati-saa. Seli ya 18650, ile ya duara yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ina volti 3.6 na ushee. Ikiwa na mAh 3,000, yaani ampea-saa 3, zidisha 3.6 kwa 3, unapata wati-saa 10.8. Seli nne ni 43. Kibadilishi cha kupandisha volti kufikia 5 kinakula sehemu yake, baki na 37. Pi 4 ikiandika tu inatumia kama wati 4, skrini ya inchi 7 kama wati 3. Gawanya 37 kwa 7: saa tano na kidogo. Ukiweka Zero 2 W, unasogea saa nane. Kikao cha wakulima kinachoanza saa nne kwa ratiba na saa sita kwa uhalisia kinaingia humo chote.

Ona jinsi skrini inavyokula karibu sawa na ubongo. Mwaka 1983 kampuni ya Tandy iliuza TRS-80 Model 100, mashine ya kubeba yenye kibodi kamili na skrini ya mistari 8, kila mmoja herufi 40. Ilikwenda saa 20 hivi kwa betri nne ndogo za AA, zile za tochi, na waandishi wa habari waliipenda sana. Siri yake kubwa ilikuwa skrini isiyo na taa, inayosomeka kwa mwanga wa jua. Miaka miwili kabla yake, Osborne 1 iliuzwa kama kompyuta ya kubeba ikiwa na uzito wa kilo 11 na bila betri yoyote ndani. Kwa hiyo punguza mwanga wa skrini kwanza kabla hujafikiria kuongeza seli.

Pili, seli bandia. 18650 halisi kwa kawaida haizidi mAh 3,600 au hapo. Ukiona imeandikwa 9,900, weka chini uondoke. Niliuziwa nne za aina hiyo, zikafa ndani ya saa moja. Seli ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Zile zilikuwa nyepesi kupita kiasi, na Mbeya hatukosi mizani ya kupimia dhahabu. Chanzo kizuri ni betri chakavu za kompyuta mpakato, kwa kuwa mara nyingi seli mbili ndizo zimekufa na nne ni nzima. Pima kila moja. Iliyoshuka chini ya volti 2 usiihurumie. Zilizobaki zichaji, ziache wiki mbili, pima tena. Inayoshuka yenyewe haifai. Kabla ya kuziunganisha sambamba hakikisha zote zina volti sawa, la sivyo iliyojaa itamwaga umeme kwa nguvu kwenye iliyopungua. Na bodi ya ulinzi, ile inayokata umeme seli zikijaa au kuishiwa kupita kiasi, si ya hiari. Usizilehemu moja kwa moja pia, joto linaziua. Tumia kishikio chenye springi.

Tatu, waya. Raspberry Pi ikionyesha alama ya radi kwenye kona ya skrini, maana yake volti imeshuka chini ya 4.63. Watu hukimbilia kubadilisha betri. Mara nyingi kosa ni waya mwembamba: wenye ukinzani wa omu 0.2 ukipitisha ampea 2 unameza volti 0.4, kwa hiyo 5 uliyoipima kwenye betri inafika 4.6 kwenye bodi. Pima ncha zote mbili, mashine ikiwa inafanya kazi. Waya mnene wa sentimita 10 ulimaliza ugonjwa wangu wote.

Baridi yetu nayo ina neno. Seli za lithiamu hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu huganda ndani kama chuma badala ya kuingia mahali pake, na uharibifu huo haurudi. Mjini si rahisi kufika huko, lakini Kitulo na Makete asubuhi za Juni na Julai sakitu hulala juu ya majani. Ukilala huko, ingiza mashine ndani, iache kwenye begi nusu saa ndipo uichomeke kwenye sola. Begi lenyewe linazuia umande kutunga juu ya bodi unapotoka kwenye ubaridi kuingia jikoni penye moto.

Kwa sanduku nilikwenda mtaa wa Soweto, hapa Mbeya, kwa seremala mzee, nikiwa na ubao wa paini wa Sao Hill mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hili sanduku la nini?"

Nilipomweleza, aliugeuzageuza ubao akaukwaruza kwa ukucha. Akasema paini hii ni laini, skrubu ukiifungua mara tano tundu linakuwa pana, na mvua za Tukuyu zitaupinda. Akaniletea mabaki ya mninga kutoka kwenye fremu ya mlango. Mninga hauchezi sana na unyevu, na skrubu zangu, baada ya kufunguliwa pengine mara thelathini, bado zinashika.

Lakini mbao haipitishi joto, na Pi huanza kujipunguzia kasi ikifika nyuzi 80. Hewa ya mita 1,700 nayo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, inabeba joto kidogo kuliko unavyodhani. Kwa hiyo bamba la kushikia swichi nimelifanya la aluminiamu ya milimita 1.5, ambao ndio unene ambao vishikio vya MX vimetengenezewa, nikakata matundu 60 ya milimita 14 kwa 14 na kuyasawazisha kwa tupa. Siku nne. Bamba nimelirefusha mpaka chini ya viganja, na upande wa ndani linagusa prosesa kupitia kipande cha aluminiamu na mafuta ya kupitishia joto. Joto linatoka kwenye chipu, linatawanyika kwenye bamba, na asubuhi za Julai viganja vinapata uvuguvugu.

Skrini unaweza kuipata bure kwenye kompyuta mpakato iliyokufa. Igeuze nyuma, soma namba ya modeli kwenye stika, na uagize bodi ya kuiendeshea inayolingana na namba hiyo hasa. Usikisie.

Kwa bei, hii si njia ya kuokoa hela. Kompyuta mpakato ya mtumba utaipata kwa pungufu ya nilichotumia, na kama kibodi yake inakutosha, inunue. Yangu iko hapa mezani, sanduku la mninga lenye skrubu nane nyuma. Mwezi uliopita, kijiji kimoja cha Mbozi, katibu aliniomba nimsomee azimio la tatu kabla halijapigiwa kura. Nikalisoma kama nilivyolichapa. Kahawa ilikuwa humo mara sita, na kila moja ilikuwa na a zake tatu.